Kazi Itoke, Jicho Libaki



Nianze na barabara ambayo baadhi yenu mmepita leo. Mtu akienda Nasser Road, hapa Kampala, kuagiza kadi za harusi huzungumza na mtu mmoja tu, lakini kadi zake hupita mikononi mwa wanne au watano. Mmoja husanifu kwenye kompyuta, mwingine hutengeneza pleti ya kuchapia. Wa tatu ana mashine ya kuchapia, wa nne ana ya kukatia karatasi. Aliyepokea oda huenda hana hata mashine moja. Alichonacho ni meza, simu na wateja.

Vitabu vya biashara huuita utaratibu huu utoaji wa kazi nje, na mifano yake huitafuta Bangalore na Manila. Mimi niliuona kwanza Nasser Road, na faida yake pale haihitaji kufafanuliwa kwa grafu. Mashine ya kukatia karatasi ni ghali. Mwenye nayo huwakatia majirani mtaa mzima, kwa hiyo hailali, na mwenye oda hulipia dakika anazozitumia basi. Msimu wa uchaguzi ukifika na mabango yakamiminika, huongeza mikono bila kuajiri mtu ambaye hatakuwa na kazi ya kumpa baadaye.

Lakini mtazameni aliyepokea oda pleti inapoletwa. Huiinua kwenye mwanga, huzikagua kingo, na ikiwa na kasoro huirudisha. Hajui kuitengeneza, ila anajua kuikataa. Hoja yangu ya leo ni hiyo: kazi inapotolewa nje, au inapokabidhiwa mtambo, faida humfikia yule aliyebaki na uwezo wa kuipima. Ushahidi wangu mkubwa unatoka kwenye mabomba yaliyo chini ya mji huu.

Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, liliundwa mwaka 1972 kuhudumia Kampala, Entebbe na Jinja. Kufikia 1998 lilikuwa linazama. Katika kila lita 100 za maji lililoyasafisha, lita 60 hivi hazikuleta hata shilingi: nyingine zilivuja, nyingine ziliibwa, nyingine hazikuandikiwa ankara. Lilikuwa na wafanyakazi 36 kwa kila wateja 1,000. Ushauri uliovuma wakati ule, hasa kutoka kwa wafadhili, ulikuwa kuwapa wageni kazi. Kampala ikakabidhiwa kampuni ya Kijerumani ya Gauff mpaka mwaka 2001, kisha Ondeo ya Ufaransa kuanzia 2002. Mkataba wa Ondeo ulipokwisha mwaka 2004 haukuongezwa.

Wapo wanaoisoma habari hii kama ushindi wa mzawa dhidi ya mgeni. Sikubaliani nao. Kumwandikia mgeni mkataba kulimlazimu mwenye mali ayaweke kwenye karatasi mambo ambayo hakuwahi kuwadai watu wake mwenyewe: maji kiasi gani yanaruhusiwa kupotea, ankara ngapi zilipwe kwa mwezi, bomba likipasuka lizibwe kwa muda gani, na asiyefikia kiwango akatwe nini. Mgeni alipoondoka, karatasi ile ilibaki.

Dakta William Muhairwe, aliyeshika uongozi wa shirika mwishoni mwa 1998, alikuwa amekwisha kulianzishia Programu ya Siku 100 mwaka 1999, na baadaye mikataba ya utendaji kwa mameneja wa miji. Kuanzia 2003 na 2004 shirika likapiga hatua ambayo mpaka leo naiona ya kipekee: likawatolea kazi wafanyakazi wake wenyewe. Meneja na wenzake waliunda kundi, wakaandika mapendekezo, wakaingia mkataba na makao makuu kana kwamba ni kampuni ya nje. Malipo yao yalikuwa na sehemu ya kudumu na sehemu iliyotegemea matokeo. Makao makuu yaliacha kuendesha mabomba ya kila mji, yakawa mkaguzi, na wakaguzi wake walitokea bila taarifa. Kazi zisizohusu maji, kama ulinzi na usafi, zilikwenda kwa kampuni binafsi. Muongo mmoja baada ya 1998, wafanyakazi walikuwa chini ya 10 kwa wateja 1,000, maji yasiyolipiwa yameshuka hadi karibu asilimia 35, na shirika linauza ushauri kwa mamlaka za maji za nchi nyingine za Afrika. Jirani zetu wa Dar es Salaam, kwa upande wao, waliipa kampuni binafsi ya City Water mkataba wa maji wa miaka 10 mwaka 2003. Ulivunjwa Mei 2005.

Mitambo nayo ina hadithi inayofanana. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Uganda mwaka 2009, na baada ya muda foleni za kulipia maji dirishani zikatoweka. Kwa mhasibu, faida ni kwamba fedha hazipiti tena katika droo ya mtu yeyote. Mwaka 2011 Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ikaanza kuleta Yaka, mita ya kulipia kabla, ambayo Watanzania wanaifahamu kama Luku. Yaka ni neno la Kiganda, ndugu wa “waka” letu. Fedha huja kwanza, umeme hufuata. Mzozo wa ankara ya kukisia umekwisha, na hakuna tena kikosi cha kuzunguka na ngazi kukatia watu. Upotevu wa umeme, uliokuwa asilimia 38 Umeme ilipoanza kazi mwaka 2005, ulishuka chini ya 20. Hata hivyo mita haioni waya uliounganishwa pembeni yake. Msoma mita aliyezijua nyumba na watu wake ndiye angeuona, na mwajiri mwenye akili alimhamishia kwenye ukaguzi badala ya kumfukuza.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniumiza. Katika ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, usafi ulitolewa kwa kampuni. Jumatatu iliyofuata walikuja kina mama walewale, wakifagia korido zilezile kwa sare mpya na mshahara mdogo kuliko wa awali. Taarifa ya mwaka iliandika “akiba”. Hakuna dakika iliyookolewa wala mbinu mpya iliyoletwa. Fedha ya mama aliyekuwa na watoto shuleni ilihamishiwa safu nyingine ya daftari. Wanafunzi wa biashara, mkiletewa hesabu ya aina hiyo, ulizeni akiba imetoka wapi kabla ya kuisifu.

Limebaki suala la kurudisha kazi nyumbani, na mfano wake ni wa mwaka 2025. Tarehe 31 Machi, baada ya miaka 20, mkataba wa Umeme ulifikia mwisho, na kesho yake nyaya na nguzo zikashikwa na UEDCL, kampuni ya serikali iliyokuwa mmiliki wake muda wote. Serikali ilimlipa anayeondoka dola milioni 118. Umeme ilisema inadai zaidi, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi London. Wafanyakazi wengi walivuka upande wa pili, na ninafurahi, kwa sababu ujuzi wa kituo kidogo cha umeme cha mtaani haukai kwenye kabati la mikataba.

Kila nilipofundisha somo la mikataba nilianza na bei, kisha viwango vya kazi, na kipengele cha kuachana nilikifikia wiki ya mwisho, darasa limechoka. Kuanzia muhula ujao tutakisoma wiki ya kwanza.