Mgeni wa Programu Huria Apokewe na Nani?



Leo tumeombwa tuongee juu ya kompyuta, na tayari tunaona akina mama wengine wanaangalia saa. Hebu tuvumiliane kidogo, jambo lenyewe si geni kwenu.

Ziko programu za kompyuta zinazoitwa programu huria. Maandishi yake yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Wengi wa wanaozitengeneza hujitolea, kama sisi tulivyochimba mtaro wa maji. Moja inatuhusu hapa nyumbani: OpenMRS, ya kuweka rekodi za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka wa 2004, kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, na mwaka wa 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo iko katika nchi nyingi.

Basi, vijana wetu nao walijifunza. Msichana mmoja akaona kosa katika programu fulani (siyo hiyo tuliyoitaja), akakesha akilirekebisha, akatuma. Wiki tatu, kimya. Ya nne akapata mstari mmoja: hukufuata utaratibu. Utaratibu gani, hakuambiwa. Tulipomwuliza alisema, "Kule hawanitaki." Sasa anauza mitumba, na anauza vizuri, lakini kompyuta hataki hata kuisikia.

Kosa lilikuwa letu pia. Tulimfundisha kazi, hatukumpa mtu wa kumshika mkono.

Wengine walishapitia haya. Mwaka wa 2006 mradi wa GNOME ulipata maombi 181 ya wanafunzi waliotaka nafasi zilizolipiwa na Google. Mwanamke, hakuna hata mmoja! Wangeweza kusema wanawake hawapendi mambo hayo, yakaishia hapo. Badala yake walitangaza nafasi za wanawake peke yao, maombi yakaja kwa wingi, wakachukua 6. Kumbe watu walikuwepo, walikuwa wakingoja kuitwa. Huko ndiko ulikoanzia mpango unaoitwa leo Outreachy: mgeni hulipwa kwa miezi mitatu, na hupewa mlezi.

Ulezi wenyewe ni vitu vidogo vidogo. Mlezi humwekea mgeni kazi ndogo, na wakongwe wasiiguse. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana fundi huona ni haraka aifanye mwenyewe. Hujibu upesi, hata kama jibu ni "Nimeona, ningoje Jumamosi." Akikataa kazi, aeleze sababu na aonyeshe njia. Tena kila mgeni awe na walezi wawili, kwa sababu mtu wa kujitolea huugua, ana shamba, ana matanga ya kwenda. Mlezi mmoja na wageni kumi, jamani, mwezi wa pili amechoka. Si tuliyaona kwenye mradi wa mbuzi?

Vijana sita wanamaliza mafunzo mwezi wa Agosti. Wanaojua kazi hii kati yetu ni wanne tu, kwa hiyo hawatoshi. Lakini mlezi wa pili si lazima ajue kompyuta. Tunataka mtu wa kumwuliza kijana kila juma amejibiwa nini, na kumleta kwetu akinyamaziwa. Yule msichana wa mitumba naye tumemwomba asaidie. Bado anafikiri.

Walio tayari wampe katibu majina yao kabla ya chai.