Kamati ya Usalama Kazini Isiwe Majina Ubaoni Tu
Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wanakamati lazima wafunzwe. Fikirieni shimo la majitaka: mmoja anaingia kuzibua, anazidiwa na gesi, mwenzake anamfuata kumwokoa, naye hatoki. Aliyefunzwa angewazuia wote wawili: hewa hupimwa kwanza, na asiye na vifaa haingii. Mfanyakazi akiona hatari kubwa, aripoti. Mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo kabla hatari haijaondolewa. Waajiri, wapelekeni wanakamati mafunzoni. Wafanyakazi, chagueni wasioogopa kusema.