Mjane Aliyelitaja Deni Lake

 

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo hatulitaji sana kanisani, ingawa wengi wetu huingia nalo kanisani kila Jumapili na kutoka nalo. Jambo hilo ni deni. Sisemi juu ya kilo moja ya sukari uliyokopa dukani, ukailipa mwisho wa mwezi. Nasema juu ya deni lililomshinda mtu. Deni ambalo hata akitoa mshahara wake wote leo, mwezi ujao atalikuta linamngojea mlangoni.

Kama una Biblia karibu, fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa saba. Hapo tunamsoma mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii. Amekufa, naye ameacha deni. Sasa mdai amekuja, na hataki mbuzi wala shamba. Anataka kuwachukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa wake.

Angalia jambo la kwanza, ndugu msikilizaji. Mume wa mama huyu alikuwa mcha Mungu. Maandiko yanasema hivyo waziwazi. Hakuwa mlevi, hakucheza kamari, lakini alikufa akidaiwa. Basi tusiwe wepesi kusema kwamba kila mwenye deni ni mpotevu. Wako waliokopa kwa ugonjwa, wako waliokopa kwa karo, na wako waliokopa kwa sababu hawakuweza kuwanyima ndugu zao.

Jambo la pili ni hili: mama huyu alisema. Hakujifungia ndani akilia mpaka mdai amalize kazi yake. Alikwenda kwa Elisha, akaeleza nani anamdai na ni nini kitakachochukuliwa. Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Mama huyu hakuficha.

Nitawaambia habari ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu, dada yangu wa kufuatana, amenipa ruhusa kuisema, ila amenikataza kutaja jina lake. Yeye ni muuguzi. Mwaka 2017 alikwenda Uingereza, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulifurahi sana. Tulimfanyia maombi, tukamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Na tangu siku hiyo, wapendwa, tukaanza kumwandikia. Mabati ya nyumba ya mama yamechakaa. Mtoto wa kaka amepata nafasi shuleni. Baba amelazwa. Mara nyingi mwandishi nilikuwa mimi, mchungaji, na kila mara fedha zilikuja.

Baba alipofariki, alituma pauni 600 za mazishi. Watu wakala, wakasifu. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hata matanga yenyewe tuliyala kwa mkopo, bila kujua. Fedha zile zilitoka katika kadi ya benki ambayo tayari ilikuwa imejaa deni. Dada yangu alikuwa akikopa hapa ili alipe pale, na akikopa pale ili atutumie sisi. Alikuwa amebaki nyuma katika kodi ya baraza la mji na katika malipo ya umeme. Barua zilikuja, akaacha kuzifungua, akazitia katika droo chini ya nguo. Simu ikilia kwa namba asiyoijua, moyo unapiga. Wakati wa baridi alizima hita, akakaa ndani amevaa koti. Mwishowe hata simu zetu hakuzipokea. Sisi tukasema amepata fedha, amejivuna.

Mwaka 2022, Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa lake kule alimwona amekaa peke yake, akamletea chai, akamwuliza hali. Dada yangu akataka kusema "njema" kama siku zote, lakini machozi yakamtangulia. Mama yule hakumpa fedha. Alimwambia, "Kuna watu ambao kazi yao ni hii. Nitakwenda nawe."

Labda wengi wenu hamjapata kusikia juu ya watu hao. Nchini Uingereza kuna mashirika ya hisani yanayowasaidia watu walioshindwa na madeni. Moja linaitwa StepChange. Lilianzishwa mwaka 1993, na makao yake ni Leeds. Jingine linaitwa Christians Against Poverty. Lilianzishwa mjini Bradford mwaka 1996 na John Kirkby, nalo hufanya kazi pamoja na makanisa ya mahali, hata kumtembelea mdaiwa nyumbani kwake. Liko pia Citizens Advice, lililoanza Septemba 1939, mara tu baada ya vita kutangazwa, likawa linawashauri raia juu ya shida za kila namna, deni likiwamo. Mashirika haya hayamkopeshi mtu fedha. Hutoa ushauri, tena bila malipo. Nalisema hilo kwa sababu ziko pia kampuni zinazodai ada kwa msaada wa namna hiyohiyo. Mwenye ndugu kule na amwulize kwanza: huduma hii ni ya bure?

Dada yangu alikwenda na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha. Mshauri hakumgombeza. Walizifungua pamoja, moja baada ya nyingine, wakaziandika. Jumla ilikuwa pauni 6,800, kwa wadai sita. Anasema siku ile alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ingawa hakuwa amelipa hata senti moja. Deni lilikuwa lilelile, lakini sasa lilikuwa na mwisho. Lilipokuwa katika droo halikuwa na mwisho.

Kisha mshauri akamwombea kitu ambacho sheria ya Uingereza na Wales inakitoa tangu tarehe 4 Mei 2021. Kwa lugha yao wanakiita nafasi ya kupumua. Ni siku 60. Katika siku hizo riba na ada juu ya madeni yaliyoandikishwa husimamishwa, na wadai wake hawaruhusiwi kumfuata wala kupeleka watu wa kukamata mali. Mtu hawezi kujiombea mwenyewe. Ni lazima apitie kwa mshauri wa madeni. Wala deni halifutwi. Kodi ya nyumba na umeme wa kila mwezi lazima aendelee kulipa. Lakini anapata nafasi ya kufikiri.

Katika siku hizo waliandika mapato na matumizi. Sikiliza hapa kwa makini, maana hapa ndipo nilipomkumbuka yule mjane. Mshauri hakuanza na wadai. Alianza na chakula, na paa juu ya kichwa, na joto la nyumba, na nauli ya kwenda kazini. Halafu akapanga yale madeni ambayo yakiachwa yangemtoa mtu katika nyumba au kumletea watu wa mahakama, kama kodi ya baraza. Ndipo kilichobaki kikagawiwa waliobaki, kila mdai kwa kadiri ya deni lake. Kilichobaki kilikuwa pauni 100 kwa mwezi. Wadai wakaombwa wasimamishe riba, wakakubali. Haikuwa bila gharama: jina lake liliwekwa alama katika kumbukumbu za wakopeshaji kwa miaka 6, na kwa muda huo si rahisi kupata mkopo. Lakini analipa. Mungu akipenda, atamaliza mwaka 2028.

Sasa rudi kwa Elisha. Yule mjane alikuwa na chupa moja tu ya mafuta. Mafuta yalipoongezeka na vyombo vyote kujaa, nabii alimwagiza ayauze na kulipa deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Mtumishi wa Mungu hakutaka wadai wakatwe. Deni ni haki ya mtu. Lakini pia hakutaka watoto wafe njaa ili deni lilipwe upesi. Dawa ya deni kulipa, ndiyo. Lakini mlipaji naye lazima aishi, la sivyo nani atalipa?

Wapendwa, bado sijamaliza habari ya dada yangu. Katika karatasi ile ya matumizi kulikuwa na mstari mmoja: fedha za nyumbani. Mshauri akamwuliza kama watu wa nyumbani wanajua hali yake. Akasema hapana. Aliniambia baadaye kwamba kwenda kwa mshauri ilikuwa kazi nyepesi kuliko kunipigia simu mimi. Alinipigia usiku. Akasema, "Kaka, sitaweza kutuma tena kwa muda. Nina deni." Na neno la kwanza lililonitoka mdomoni mimi, mchungaji wenu, halikuwa pole. Nilimwuliza, "Na dawa za mama, je?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha simu ikakatika.

Nilikaa na neno lile siku tatu. Nilihubiri Jumapili nikiwa nalo. Mdai wa yule mjane alitaka kuwachukua watoto; nami nikajiona nimesimama pamoja naye mlangoni. Siku ya nne nikampigia dada yangu, nikamwomba msamaha. Kisha tukakaa ndugu watatu tuliopo hapa, tukagawana dawa za mama. Nawaambia kweli, tuliziweza. Tungaliziweza tangu mwanzo.

Basi leo nina maneno kwa watu wa namna tatu.

Kwako wewe unayedaiwa. Usingoje mpaka mdai afike mlangoni. Sema leo, ukiwa bado una kitu mkononi. Hapa kwetu Kenya mashirika ya ushauri wa madeni hayajaenea kama kule, lakini huachwi bila njia. Nenda kwa aliyekukopesha kabla ya siku ya malipo, umweleze unachoweza kutoa kila mwezi, na mkikubaliana, mwandikiane. Usichukue mkopo wa simu ili ulipe mkopo wa simu. Ukiwa umeajiriwa, ujue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara wako. Kanuni za mwaka 2022 juu ya mikopo ya kidijitali zinamkataza mkopeshaji kukutisha, kukutukana, au kuwapigia simu jamaa na rafiki zako ili akuaibishe. Na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imeweka njia za mdaiwa kulipa kwa awamu badala ya kutangazwa muflisi. Tafuta mtu anayezijua sheria hizo, umwulize.

Kwako wewe ambaye una ndugu mjini au ng'ambo. Kabla ya kuandika ujumbe mwingine wa kuomba, andika mmoja wa kuuliza: wewe mwenyewe, unaishije? Na akikujibu kweli, liwe neno lako la kwanza, pole.

Na kwa kanisa. Elisha alimwambia mjane akaombe vyombo kwa majirani zake, tena vyombo vitupu. Majirani hawakuombwa mafuta, wala hawakuombwa kulipa deni. Waliombwa chombo kitupu tu, na bila vyombo vile mafuta yangalimiminwa wapi? Katika kila parokia yetu yuko karani mstaafu wa benki, au mwalimu wa hesabu, au mama wa Umoja wa Akina Mama anayejua kutunza siri. Anaweza kukaa saa mbili na mtu mwenye deni, kwa karatasi na kalamu, bila kumhukumu na bila kwenda kulisimulia kisimani. Hicho ndicho chombo kitupu. Usikatae kukiazima.

Natuombe. Ee Baba wa rehema, wewe wawajua walioamka leo wakiogopa mlio wa simu. Fungua vinywa vyao, uwape mtu wa kuwasikiliza. Utusamehe sisi tuliowadai ndugu zetu zaidi ya uwezo wao. Utufundishe kulipa kwa uaminifu, na kuishi kwa kilichosalia kwa shukrani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na Mungu awabariki.