Mgeni Aliye Mlangoni



Katika Walawi 19:33-34 Mungu anaamuru watu wake wampende mgeni, akiwakumbusha ugeni wao kule Misri.

Patrick Lyoya alikuwa mtoto wa Kongo. Jamaa yake ilikimbia vita, ikafika Marekani mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, polisi alisimamisha gari lake. Wakashikana, na polisi akampiga risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Alikuwa na miaka 26. Risasi waliyoikimbia ilimkuta kwenye kimbilio.

Tunamlilia. Lakini mgeni wa kwetu je? Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, hata waliozaliwa huko. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, wengi walikufa.

Leo wengine wanakuja tena kutafuta kazi machimboni, na maneno mabaya yale yale yanasikika. Sisi wa Sandoa tusiyaitikie Amina. Kumlilia Patrick huku tukimchukia jirani ni machozi ya bure. Juma hili tumtembelee mgeni mmoja, tule naye, tuombe naye.

Mungu atusaidie. Amina.