Usiseme "Mali Imetoka" Kama Haijatoka

Neno la msingi: Matendo ya Mitume 27:9-44. Soma pia Mithali 11:1 na Matayo 5:37.

 

Leo tunazungumza juu ya habari moja fupi ambayo kwetu hapa inakimbia kuliko pikipiki: "Mali imetoka!" Mtu akiisema sokoni asubuhi, jioni vijana wamekwisha kufunga nyundo na chepe. Mama anauza mbuzi ili kijana wake apate chakula cha shimoni. Mwanafunzi anaacha kalamu. Mume anaaga kwa siku tatu, na mwezi unapita.

Tujiulize: ni nani anayepata faida habari hiyo ikitembea? Mwenye shimo anatafuta watu wa kuchimba. Muuza unga anatafuta wateja. Mwenye pikipiki anatafuta abiria. Mwenye nyumba anatafuta wapangaji. Hao wote wanaweza kula siku ile ile, hata kama mlima hautoi kitu. Anayelipa ni yule anayeingia ndani ya ardhi.

Sasa tufungue Matendo 27. Paulo alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma kwa meli. Majira ya kusafiri salama yalikuwa yamepita. Paulo akawaonya kwamba safari hiyo italeta hasara ya mzigo, ya meli, hata ya maisha ya watu. Lakini akida, yule mkubwa wa askari, akamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo.

Kwa akili ya kibinadamu, akida hakukosea. Nani anajua bahari kuliko nahodha? Lakini angalia mstari wa 38: ndani ya meli kulikuwa ngano. Mwenye meli alikuwa na mzigo wa kufikisha. Biblia haisemi kwamba alidanganya kwa kusudi. Huenda alijidanganya yeye mwenyewe kwanza. Mtu mwenye kitu cha kuuza huona upepo ni mzuri kabla hajautazama. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika tunalijua jambo hilo: mwenye mtumbwi uliojaa abiria ni mwepesi sana kusema kwamba ziwa limetulia.

Kweli, upepo mwororo ulianza kuvuma, wote wakafurahi. Kisha tufani ikashuka. Usiku wa kumi na nne walikuwa bado wanatupwa huku na huku. Ngano ile iliyowaharakisha wakaimwaga baharini kwa mikono yao wenyewe. Meli ikavunjika. Watu 276 walipona kwa neema ya Mungu tu, wengine wakielea juu ya mbao.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa machimbo tu. Katika nchi za baridi kuna milima yenye theluji kama ile ya juu ya Ruwenzori. Watu hulipa pesa nyingi kwenda kuteleza juu yake kwa mbao miguuni, na wenye milima hutangaza kila siku theluji imeanguka kiasi gani. Mwaka 2009 walimu wawili wa uchumi huko Marekani walitoa utafiti: walilinganisha matangazo hayo na vipimo vya hali ya hewa. Wakaona kwamba mwisho wa juma, wakati wateja ni wengi, wenye milima walitangaza theluji mpya zaidi kwa asilimia 23 kuliko siku za kazi. Mbingu hazijui Jumamosi, wapendwa! Ni mfuko wa mtu unaojua Jumamosi.

Lakini sikieni na hili. Ilipokuja programu ya simu iliyowawezesha wateja kuandika wenyewe hali waliyoikuta mlimani, uongo ule ulipungua sana. Shahidi aliyefika akasema alichoona, na mwenye kuuza akaanza kuogopa kuongeza.

Hapa kwetu mnakumbuka Luhihi, kule Kabare, mwaka 2021. Video ilizunguka dunia nzima, watu wanachimbua mlima kwa mikono, na maneno yakaongezwa kwamba karibu udongo wote ni dhahabu. Dhahabu ilikuwapo, ndiyo. Lakini udongo wote kuwa dhahabu? Hapana. Umati ukawa mkubwa hata wakubwa wa jimbo wakasimamisha uchimbaji mwanzoni mwa Machi.

Sasa tugeukie nyumba ya Mungu, maana hukumu inaanzia hapo. Siku moja tulimpa ndugu mmoja nafasi ya kushuhudia mbele ya kanisa. Alisema Mungu amemfungulia mlima mpya. Tulipiga makofi, tukacheza, tukapokea sadaka yake ya shukrani, tukairudia habari hiyo redioni. Hatukumwuliza alichimba miezi mingapi. Hatukumwuliza deni lake. Hatukuuliza wenzake waliochimba naye walipata nini. Baada ya wiki chache mama mmoja akaja nyumbani kwetu, akaketi, hakulia. Akasema: "Pasta, mtoto wangu hakuisikia habari ile sokoni. Aliisikia kwenu." Kijana alikuwa ameacha shule ili aende huko. Alirudi mgonjwa, na deni juu.

Tulikosa la kujibu. Ushuhuda wetu ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikuwa nusu, na nusu ile ilimbeba kijana kama uongo mzima. Tulimwomba mama yule msamaha. Leo tunaomba msamaha mbele yenu pia.

Basi tufanye nini?

Kwanza, sema ulichoona kwa macho yako. Kama hujafika, sema hujafika. Ndiyo yako iwe ndiyo.

Pili, taja na hasara. Ukisema mmoja alipata, sema pia wangapi walitoka mikono mitupu. Mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana, na ulimi nao ni mizani.

Tatu, wewe mwenye shimo, sema hali ya shimo lako. Maji yameingia? Miti inayoshika ukuta imeoza? Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga mvua kubwa iliingia mashimoni, na watu zaidi ya 50 walihofiwa kuwa wamekufa. Mvua inaletwa na Mungu, lakini kumwambia kijana kwamba shimo ni kavu, nawe umeona maji, hilo litatoka mkononi mwako.

Nne, sisi wachungaji. Tangu sasa, ushuhuda wa machimbo tutausikiliza kwanza ofisini, mwanzo hadi mwisho, ndipo usemwe madhabahuni au redioni. Utasemwa pamoja na miezi yake na deni lake. Sadaka isiyopenda maswali haya, heri ikose kuja.

Mtu atasema: "Pasta, nikisema ukweli, nani atakuja kuchimba kwangu?" Tunakujibu: labda wachache. Lakini Paulo alipuuzwa bandarini, na katikati ya tufani ni yeye aliyesikilizwa na meli nzima. Mtu wa kweli anaweza kupoteza wateja wa leo. Siku ya mawimbi, watu watamtafuta.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kila habari tuliyoiongeza. Ponya vijana waliotembea juu ya maneno yetu. Uweke mlinzi kinywani mwetu, sokoni, shimoni na madhabahuni. Wale walio chini ya ardhi saa hii, uwarudishe kwa mama zao. Katika jina la Yesu. Amina.