Karela: Mboga Chungu, Tuitumie kwa Busara

Leo tunazungumzia karela, mboga chungu yenye ganda la vinundu, ambayo familia nyingi zenye asili ya Kihindi hapa Afrika Mashariki huipika tangu zamani.

Karela hutambaa, hivyo ijengee kichanja imara. Mbegu zake zina ganda gumu; ziloweke usiku kucha kabla ya kupanda kwenye udongo wenye mboji na usiotuamisha maji. Baada ya miezi miwili hivi utaanza kuvuna. Chuma matunda yangali ya kijani, kabla hayajageuka manjano. Adui mkubwa ni nzi wa matunda: vika matunda machanga mifuko ya karatasi, na yaliyooza yaokote uyafukie mbali.

Jikoni, pasua karela, toa mbegu, katakata, paka chumvi, acha nusu saa, kamua, kisha suuza. Uchungu utapungua. Kaanga na vitunguu, nyanya na bizari.

Sasa tusikilizane vizuri. Karela inaweza kushusha sukari mwilini. Kwa hiyo, mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au insulini asinywe juisi yake bila kumweleza daktari, kwani sukari ikishuka mno anaweza kuzimia. Wala usiache dawa ulizoandikiwa. Mama mjamzito aepuke karela, na watoto wasile mbegu zake.

Ukiila kama mboga, furahia. Ukiitaka kama dawa, anzia kwa mhudumu wa afya.