Marafiki wa Zamani Tumewaachia Nani?

(Mawaidha yaliyotolewa Kilindoni, Mafia, baada ya swala ya Magharibi)

  



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu hutuuliza faragha, wala hawaliulizi hadharani kwa kuona haya. Kijana ameacha tembo, ameacha ngoma, ameshika swala tano kwa jamaa, amejifunza Sunna ya Mtume wake. Je, afanye nini na wale aliokuwa nao jana? Wale aliotweka nao tanga, aliotega nao jarife, waliopokezana naye zamu ya kuangua nazi, na ambao jioni walicheza naye bao chini ya mwembe?

Wapo marafiki ambao urafiki wao ulikuwa maasi matupu. Hapakuwa na kazi baina yenu, wala ujirani, wala nasaba. Palikuwa na chupa. Huyo ukiiacha chupa amekwisha kuondoka mwenyewe, na wala hatuna haja ya kurefusha maneno. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa mtu huifuata dini ya rafiki yake, na akatupigia mfano wa muuza miski na mfua chuma: wa kwanza hukosi kwake harufu nzuri, wa pili hukosi kwake moshi, kama si cheche ya kuunguza nguo. Na katika Suratul Furqan tunaelezwa majuto ya mtu siku ya Kiyama, akitamani lau asingelimfanya fulani kuwa mwandani. Haya ni haki, hatuyapunguzi hata kidogo.

Lakini sisi tuliosoma haya tulikwenda nayo pasipo mahali pake. Tulimkuta nahodha anayeswali, anayefunga, anayelea mayatima, ila anahudhuria maulidi na kusoma hitma kama alivyowakuta wazee wake. Nasi tukamfanya sawa na mlevi. Tukabadili njia ya kwenda gatini ili tusikutane naye. Akitutolea salamu tukaijibu kwa ncha ya ulimi. Tukasema tunaihifadhi dini yetu. Kisiwa chetu hiki ni kidogo, ndugu zetu; ukimkwepa mtu Kilindoni utamkuta Kirongwe, na ukimkwepa Kirongwe mtakaa ubao mmoja katika mashua ya Nyamisati, mtazamane mpaka bara.

Hebu tumwangalie Abubakar Siddiq (r.a.). Hakuna aliyebadilika maisha kuliko yeye na wenzake wa mwanzo, kwani walitoka katika ibada ya masanamu. Naye alikuwa mfanyabiashara, mtu wa watu, anayependwa kukaliwa baraza kwa elimu yake ya nasaba na uzuri wa tabia yake. Aliposilimu hakuwakimbia wale waliomzoea. Aliwaendea. Wanahistoria wa Sira wanatutajia waliosilimu kwa mkono wake: Uthman bin Affan, Zubair bin Awwam, Abdurrahman bin Auf, Saad bin Abi Waqqas na Talha bin Ubaidullah. Hawa wote ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Lau Abubakar angewasusa juma la kwanza la Uislamu wake, nani angewaletea habari?

Huyo Saad naye, mama yake aliapa asile wala asinywe mpaka mwanawe aiache dini. Saad hakuiacha. Ikateremka aya iliyomo katika Surat Luqman: wazazi wakikushikilia umshirikishe Mwenyezi Mungu usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Na Asmaa bint Abubakar, mama yake mshirikina alipomjia, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, akaamrishwa amuunge. Ikiwa hivi ndivyo kwa mshirikina, hoja ya kumkatia salamu Mwislamu aliye safu moja nawe siku ya Idi tumeitoa wapi?

Baadhi ya vijana hutujibu kwa kisa cha Kaab bin Malik, aliyesuswa siku hamsini baada ya vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, hata akaparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda mno, akamtolea salamu asijibiwe. Kisa ni sahihi. Lakini nani aliyeamrisha? Ni Mtume mwenyewe (s.a.w.), kwa kosa maalumu, na lengo lilikuwa kumrejesha. Na ilipoteremka toba, Talha aliinuka mbio msikitini akampa mkono na kumpongeza, naye Kaab akasema hatalisahau jambo lile la Talha. Sisi tumechukua kususa, tukaacha mbio za Talha. Na hadithi ya siku tatu, kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya hapo, na mbora wao ni mwenye kuanza salamu, tunaisoma kila Ramadhani.

Wazee wa Mafia husimulia habari ya miji miwili, Kua iliyoko Juani na Kisimani. Walikuwa jirani wanaoalikana. Watu wa Kisimani wakawafanyia ukatili watoto wa Kua siku ya kushusha jahazi. Watu wa Kua wakaiweka moyoni miaka, kisha wakawaalika wenzao harusini, wakawazibia humo ndani ya chumba. Namna kisa kilivyotokea Mungu ndiye ajuaye. Lakini nendeni Kua mkaangalie: misikiti ni magofu, na Kisimani imeliwa na bahari.

Kuna na upande wa pili. Kijana aliyetubu naye hususwa. Wenzake humwita majina, hawampi tena nafasi chomboni, na usiku anabaki peke yake. Sisi tulimwambia acha baraza ile, wala hatukumpa baraza. Tulimpa darsa Jumamosi na Jumapili, tukaenda zetu. Wangapi waliorudi kwenye tembo si kwa kulitamani, bali kwa upweke tu? Tuwajibike kwa hili kabla ya kumlaumu shetani.

Tunamalizia kwa jambo letu wenyewe, na tunalisema kwa aibu. Tulikuwa watatu katika chombo kimoja, tukabadilika pamoja, tukashuka chomboni pamoja. Nahodha wetu wa zamani akafariki katika kijiji kimoja cha kaskazini. Tulipata habari mapema, na chombo cha kutufikisha kilikuwapo. Hatukwenda, kwa kuwa tulijua patasomwa hitma. Tulisahau kwamba kumswalia na kumzika ni haki yake juu yetu, na hitma ingesomwa baada ya hapo, nasi tungeweza kuaga kwa adabu na kuondoka.

Tulikwenda baada ya miaka miwili. Kijana wake mkubwa alituangulia madafu, akatuandalia mkeka, akatuketisha. Kisha akasema kwa upole, "Ami zangu, marehemu alikuwa akikuulizieni. Kila ikipita gari barabarani alisema, labda ni wao."

Tulinyamaza. Yeye ndiye aliyetuonyesha kaburi, tukamwombea dua, na jioni tukaswali nyuma yake.